Wanafunzi wanapompa mhadhiri alama

Msikilizaji, huenda una kijana chuo kikuu unayemlipia ada kwa fedha za viazi, mbao au parachichi. Muhula unapokaribia kwisha, vyuo vingi huwapa wanafunzi fomu ya kumtathmini mhadhiri. Kwa kawaida fomu hiyo haiandikwi jina. Inauliza: je, aliingia kipindini kwa wakati? Alieleweka? Alirudisha kazi alizosahihisha?

Jambo hili ni zuri. Mhadhiri asiyefika darasani anamkosesha mzazi thamani ya ada yake, na mwanafunzi anayeogopa kusema mbele yake hupata pa kusemea.

Ugumu unaanza alama hizo zinapotumika kuamua nani aongezewe mkataba na nani apandishwe cheo. Mhadhiri anayesahihisha kwa haki, hata wengi wakirudia mtihani, anaweza kupewa alama mbaya kwa hasira. Mwaka unaofuata atalegeza mtihani, au ataruka mada zinazoudhi watu kama siasa, dini na mila. Hakuna aliyemkataza, amejifunga mdomo mwenyewe. Hapo ndipo uhuru wa kitaaluma unapoguswa, yaani haki ya kufundisha na kutafiti bila woga.

Haki hiyo si ngeni kwetu. Aprili 1990, jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu Tanzania zilipitisha Azimio la Dar es Salaam kuitetea.

Kuhusu fomu zenyewe, Kanada walifika kwa msuluhishi. Juni 2018, William Kaplan aliamua shauri kati ya Chuo Kikuu cha Ryerson, Toronto, na chama cha wahadhiri wake. Alisema wanafunzi wanaweza kueleza vizuri yale waliyoyapitia darasani, lakini alama zao zisitumike kupima ubora wa ufundishaji katika kupandisha vyeo. Sababu mojawapo ni kwamba alama hizo huathiriwa na jinsia, rangi, umri na hata lafudhi ya mwalimu.

Kwa hiyo fomu isifutwe, ila isibaki shahidi pekee. Wahadhiri wenzake waingie darasani wamsikilize, na mitihani yake ikaguliwe.

Nawe mzazi, mwambie kijana wako ajaze fomu kwa ukweli: aandike alichokiona, asilipize kisasi cha alama alizokosa. Daktari au mhandisi aliyepitishwa kwa huruma, siku moja atatuhudumia sisi.