Taka Haziishi, Huhama: Unadhifu wa Dar es Salaam na Wajibu wa Wakazi Wake

Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, jijini Dar es Salaam, waliochoshwa na moshi, nzi na uvundo wa jaa lililokuwa karibu na nyumba zao, waliishitaki Halmashauri ya Jiji katika Mahakama Kuu, na Jaji Lugakingira akahukumu kwamba halmashauri, ijapokuwa ina wajibu wa kuzoa taka, haina ruhusa ya kuutimiza wajibu huo kwa kuwadhuru raia. Hukumu ile ilikuwa ya insafu, na wanasheria huitaja hata leo. Walakini taka zenyewe hazikufutwa na kalamu ya jaji, kwani baada ya Tabata zilipelekwa Vingunguti, kisha Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Katika safari hiyo mna ibra kubwa: kila tunachokitupa hakina budi kuwa jirani wa mtu fulani.

Aghalabu tunaupima unadhifu wa mji kwa barabara zake kuu, na barabara hizo zina watumishi wao. Alfajiri, kabla daladala hazijajaa vituoni, wafagiaji, wengi wao wanawake, huwa wamekwisha kuinama na mafagio yao ya chelewa, wakiukusanya mchanga ukingoni mwa lami chungu baada ya chungu, kisha wakiuzoa kwa chepe na kuutia katika toroli. Kazi hiyo ni ya taabu, tena ya hatari, maana magari hupita karibu nao mno. Na haifiki saa nne asubuhi illa mahali palepale pana maganda ya machungwa, vifuu vya madafu na chupa za maji, vilivyotupwa na watu wenye akili timamu ambao majumbani mwao wasingethubutu kutenda hivyo.

Chupa iliyotupwa barabarani haikai hapo. Mvua ya masika huisukuma hadi mtaroni, nayo ikakwama penye kalvati, ikazuia majani, majani yakazuia mchanga, na maji yaliyonyimwa njia yake yakaingia vyumbani mwa watu. Kinachopenya huishia Mto Msimbazi, na wakazi wa bonde la Jangwani wanayajua mafuriko yake kuliko mwandishi yeyote. Si haki kusema kwamba taka peke yake ndizo zinazoleta mafuriko, lakini ni dhahiri kwamba huyazidisha. Na maji machafu yakichanganyika na ya kunywa, maradhi hayako mbali. Kipindupindu kilichozuka jijini Agosti 2015 kiliwaua watu na kuenea mikoani, hata Rais John Magufuli akafuta sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba mwaka huo, akaamuru siku hiyo iwe ya usafi nchi nzima, naye mwenyewe akaonekana akiokota taka karibu na Ikulu.

Siku kama ile ina heshima yake, na Jumamosi ya mwisho wa mwezi, iliyotengwa kwa usafi, ina faida yake. Ila taka huzaliwa kila siku, basi dawa yake nayo sharti iwe ya kila siku. Sheria husaidia: tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, rambo zilizokuwa zikipepea katika miti na nyaya zimepungua sana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi iko jikoni.

Zaidi ya nusu ya taka za nyumba zetu ni mabaki ya vyakula: maganda ya ndizi, mihogo na viazi, na majani ya mboga. Yakitengwa na vitu vikavu, kwa mwenye uwanja yatakuwa mboji ya mchicha wake, na vikavu navyo havitachafuka, hivyo yule kijana anayepita na gunia akiokota chupa za kuuza kwa kilo atazipokea mlangoni badala ya kuzifukua jaani. Mfuko wa taka na utolewe siku ya gari la kuzoa taka, si usiku wa kuamkia siku hiyo, mbwa wasije wakautawanya. Ada ya taka ilipwe. Nalo gari likikosa kuja, mwenyekiti wa serikali ya mtaa aulizwe mbele ya watu mkutanoni, kwa adabu lakini bila ya kuchoka, maana kulipa ndiko kunakotupa haki ya kudai.

Wakazi wa Tabata walidai haki yao ya kutodhuriwa na taka za mji, wakapewa. Haki hiyohiyo ni ya watu wa Pugu na wa Jangwani, na wa kwanza anayepaswa kuichunga ni yule ambaye taka ingali mkononi mwake.