Jina, Sare na Cheti: Mtoto Anayejitafuta Kijinsia Machakos

Kiswahili hakibagui mume na mke katika sarufi yake. Yeye ni yeye, mtoto ni mtoto, na kiambishi a- katika "anacheza" hakifichui iwapo mchezaji ni mvulana au msichana. Huko Machakos, hata hivyo, mtoto hupokelewa kwa jina linalobainisha. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Wambua akiwa wa kiume, Mumbua akiwa wa kike. Wa usiku ni Mutuku au Nduku. Baada ya jina huja cheti cha kuzaliwa, kisha sare ya shule: kaptura au rinda. Kwa watoto wengi hatua hizo hupita kimya. Wapo wachache ambao kila hatua kwao ni mwiba, na makala haya yanaangalia namna mzazi anavyoweza kusimama nao.

Istilahi ndizo zinazotatiza wengi mwanzoni. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile yasiyoangukia kikamilifu upande wa kiume wala wa kike. Neno hilo lina asili ya Kiarabu, na shina lake ndilo lililozaa pia hanithi, ambalo mitaani limekuwa tusi. Si ajabu basi kwamba watu huyachanganya. Mtoto anayejitafuta kijinsia ni suala jingine. Mwili wake waweza kuwa hauna utata wowote, ila hisia yake ya ndani kuhusu yeye ni nani haiafikiani na alivyoandikwa. Tena si kila mvulana apendaye kusonga ugali, wala kila msichana apandaye miembe, aliye katika kundi hilo. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyoidhinishwa 2019 na kuanza kutumika 2022, liliiondoa hali hiyo kwenye sura ya maradhi ya akili, na likatahadharisha kuwa mienendo na mapendeleo pekee si msingi wa kumwainisha mtoto.

Chukulia msichana wa gredi ya nne katika kijiji fulani cha Mwala. Kila Jumapili hulia anapovishwa rinda. Akicheza hujiita Wambua, si Mumbua. Mama hudhani ni ukaidi, baba hukata fimbo, susu yake husema aombewe. Pengine wote wana nia njema, lakini mtoto hujifunza jambo moja tu: kunyamaza. Na aliyenyamaza hasaidiki, hata anapodhulumiwa na wenzake. Lenye manufaa ni kumwuliza anachohisi na kungoja jibu bila kumkatiza. Kumwachia suruali nyumbani, jambo lisilogharimu chochote. Kutomdai uamuzi wa maisha akiwa na umri wa miaka tisa, wala kumlisha jibu lililokwisha kupangwa na wakubwa. Mwalimu wa darasa naye aelezwe kwa faragha, akumbushwe ikibidi kwamba viboko vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001. Huenda baada ya miaka miwili mtoto akaliacha jina la Wambua. Huenda asiliache. Hakuna mganga wala daktari awezaye kutabiri, na mzazi hahitaji kujua leo ndipo ampende.

Wapo wasemao kwamba mambo haya ni ya kigeni. Ukambani kwenyewe kuna desturi ya iweto, ambapo mwanamke asiyejaliwa watoto humwoa mwanamke mwenziwe ili amzalie, naye akahesabiwa kuwa mume. Desturi hiyo ni ya urithi na ukoo, si ya hisia za nafsi, na haifai kuchanganywa na suala hili. Yadokeza tu kwamba wazee walijua kutenganisha mwili na wadhifa wa mtu katika jamii.

Gharama ya kumwacha mtoto wa namna hii peke yake ilionekana Kitui, kwa majirani. Richard Muasya, huntha aliyezaliwa huko, alihukumiwa kifo kwa wizi wa mabavu, akafungwa Kamiti miongoni mwa wanaume. Desemba 2010 Mahakama Kuu ilimpa fidia ya shilingi 500,000 kwa udhalilishaji aliotendewa gerezani, ila ilikataa kutambua jinsia ya tatu. Mwaka 2014 ikaamuliwa kesi ya Mtoto A, aliyezaliwa 2009, ambaye fomu yake ya hospitali, penye nafasi ya jinsia, ilitiwa alama ya kuuliza. Sensa ya 2019 iliwahesabu mahuntha 1,524 nchini, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikawatajia watoto hao haki ya kuheshimiwa, kutibiwa na kusomeshwa.

Mtoto kama yule wa Mwala hakutajwa. Kwake yeye mfano ulio karibu ni Audrey Mbugua, aliyefanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2001 kwa jina la kiume, kisha akaishi kama mwanamke na kubadili jina kisheria. Cheti kilibaki na jina la zamani, na kila alipokitoa mbele ya mwajiri ilimbidi kujieleza upya. Baraza la mitihani lilikataa kukirekebisha. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir aliliamuru litoe cheti kingine chenye jina la Audrey, pasipo alama ya jinsia. Tangu siku za mtihani ilikuwa imepita miaka 13.