Kiberiti ndani ya Chupa ya Divai

Mwalimu mwenzetu mmoja, mwenye pumu tangu utoto, alialikwa arusini pamoja nasi. Watu wa upande wa bibi arusi walikuwa wamenunua divai nyeupe ya Ulaya ili kuwaheshimu wageni. Mwenzetu alikunywa bilauri moja tu. Kabla hajaimaliza kifua kilimbana, pumzi ikaanza kulia kama filimbi, akatoka nje akishika ukuta. Nasi tulisikia neno likipita chinichini toka meza hata meza: sumu. Macho ya watu yakamgeukia mama aliyekuwa akimimina. Wasomaji wetu wanajua vema jinsi neno hilo linavyoweza kuvunja koo mbili kwa usiku mmoja.

Hospitalini alipewa dawa ya kuvuta, akapata pumzi. Mganga hakuuliza adui zake ni akina nani. Aliuliza tu, “Mwalimu, umekunywa nini?” akaagiza chupa iletwe. Juu ya karatasi yake, kwa herufi ndogo sana, yaliandikwa maneno ya Kifaransa: *Contient des sulfites*, yaani, ina sulfiti. Sisi sote tuliopita shuleni tuliweza kuyasoma. Hakuna aliyejua maana yake.

Sulfiti hutokana na kiberiti. Hatusemi njiti za kuwashia moto, bali lile jiwe la manjano ambalo, likiungua, hutoa moshi mkali wenye kukereketa koo. Ingawa hapa vyote viwili vyakutana: tangu karne ya 17 wafanya biashara wa Uholanzi, walionunua divai Ufaransa, walieneza desturi ya kuchoma utambi wa kiberiti ndani ya mapipa kabla ya kuyajaza, na Wafaransa wakauita utambi huo njiti ya Kiholanzi.

Kwa nini wafanye hivyo? Wanaotengeneza kasiksi wanajua. Leo ni tamu, keshokutwa kali, kisha ni siki. Viini vidogo visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoiharibu. Louis Pasteur alivichungua katika divai, akatoa kitabu juu yake mwaka 1866. Sulfiti huzuia viini hivyo, tena huzuia hewa isiichakaze divai. Hata mtengenezaji asipotia kitu, hamira yenyewe hufanya sulfiti kidogo wakati maji ya zabibu yanapochacha, hivyo divai isiyo nayo kabisa ni vigumu kuipata.

Katika Umoja wa Ulaya divai nyekundu isiyo tamu hairuhusiwi kupita miligramu 150 kwa lita, na nyeupe miligramu 200. Zilizo tamu huruhusiwa zaidi. Nyekundu huhitaji kidogo, kwa sababu maganda ya zabibu huilinda. Yale maandishi ya chupani yalilazimishwa Marekani mwaka 1987, na Ulaya mwaka 2005, kwa divai yenye zaidi ya miligramu 10 kwa lita.

Wengi huilaumu sulfiti kwa kichwa kinachowauma baada ya divai nyekundu. Hesabu hazikubali, maana nyeupe kwa kawaida ina nyingi zaidi, nayo matunda makavu kama aprikoti huruhusiwa hata miligramu 2,000 kwa kilo. Mwaka 2023 wataalamu wa California walidhani kwamba mkosaji ni kwersetini, kitu cha maganda ya zabibu, kinachozuia mwili usiisafishe sumu itokayo katika kileo. Hiyo ni dhana bado. Na kileo chenyewe, tusijidanganye, chatosha kuumiza kichwa.

Lakini kwa wenye pumu jambo si dhana. Yakadiriwa kuwa kati ya watu 100 wenye pumu, 3 hadi 10 hudhurika kwa sulfiti. Hewa ya kiberiti hutoka katika kinywaji, huvutwa pamoja na pumzi, na mirija ya kifua hujibana kwa dakika chache. Marekani, baada ya watu kufa, ilikataza mwaka 1986 kuitia katika mboga na matunda ya kuliwa mabichi. Mtu wa namna hiyo na asome pia chupa ya maji ya ndimu na pakiti ya kamba wa barafu, asiende karamuni bila dawa yake.

Na wasio na pumu? Kwa miaka mingi kipimo cha siku kilikuwa miligramu 0.7 kwa kila kilo ya mwili, yaani 42 kwa mtu wa kilo 60. Bilauri ndogo ya divai nyeupe yaweza kuwa na 25. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula ya Ulaya iliondoa kipimo hicho kwa kuwa utafiti haukutosha, ikaonya kwamba wanaotumia nyingi waweza kudhurika.

Jumapili iliyofuata mwenzetu alikwenda kwa yule mama, chupa tupu mkononi, akaeleza yote mbele ya jamaa. Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Mwanangu, nionyeshe neno lenyewe,” akaliwekea kidole, asikiondoe upesi.