Kusomea filamu: kazi iliyo nyuma ya kamera

Vijana wengi wanaomaliza shule wanasema wanataka kufanya kazi katika filamu, televisheni au video za muziki. Wazazi nao hujiuliza kama hiyo ni kazi kweli, au ni njia ya kupoteza ada. Pande zote mbili zinastahili jibu. Mzazi anayekataa bila kueleza huenda akamwona kijana ameondoka kimya kimya kwenda mjini. Anayekubali bila kuuliza anaweza kuuza shamba, na kijana akarudi na cheti kisichompatia kazi.

Katika makala hii tunaeleza kazi yenyewe ilivyo, mahali inapofundishwa Afrika Mashariki, na mambo ya kuchunguza kabla ya kulipa. Jambo kuu ni hili: wengi huvutwa na sura zinazoonekana kwenye kioo, lakini riziki ya kudumu huwa kwa mwenye ujuzi nyuma ya kamera, anayejua pia haki zake.

Hadithi inaweza kubadili maisha

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 filamu ya Neria ilitengenezwa Zimbabwe. Inamhusu mjane ambaye shemeji yake ananyakua mali iliyoachwa na marehemu, naye anajifunza kudai haki yake mahakamani. Watu wengi ambao wasingesoma kitabu cha sheria waliielewa sheria ya mirathi kwa kuitazama filamu hiyo.

Hapa Tanzania, mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma hakikuurusha, ili watafiti waweze kulinganisha watu wa huko na wasikilizaji wa mikoa mingine. Walikuta kwamba mahali mchezo ulikosikika, wenzi walizungumza zaidi juu ya kupanga uzazi, na matumizi ya njia za uzazi wa mpango yaliongezeka. Burudani iliyoandikwa vizuri ilikuwa imefanya kazi ya ualimu.

Soko lilivyokua, na lilivyowaponyoka wengi

Mwaka 1992 filamu ya Living in Bondage ilitolewa Nigeria kwenye kanda za video. Ilionyesha kwamba filamu inaweza kutengenezwa kwa fedha kidogo na kuuzwa moja kwa moja sokoni, bila kusubiri majumba ya sinema. Miaka ya 2000 Tanzania nayo ilifuata njia hiyo, na filamu za Kiswahili zikaenea hadi Kenya, Kongo na Burundi.

Lakini watengenezaji wengi walimuuzia msambazaji filamu pamoja na haki zake zote, kwa malipo ya mara moja. Fedha ikaliwa, filamu ikaendelea kuuzwa, na mwenye hadithi hakupata kitu tena. Wengine waliibiwa kazi kwa kunakiliwa kiholela. Soko la DVD liliposhuka na watazamaji wakahamia kwenye simu na intaneti, aliyekuwa amebaki na haki zake alikuwa na kitu cha kupeleka kwenye soko jipya. Aliyeuza kila kitu alianza upya.

Ndiyo maana somo la mikataba na hakimiliki ni la lazima kama somo la kamera. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Kijana azijue kabla ya kutia sahihi popote.

Kazi zilizopo

Uigizaji ni sehemu moja tu. Filamu inahitaji pia:

- Mwandishi wa skripti. Hadithi dhaifu haiokolewi na kamera ya bei kubwa.
- Mtayarishaji. Anatafuta fedha, anapanga ratiba, anaomba vibali na kulipa watu.
- Mwongozaji. Anaamua hadithi itaonekanaje na anawaongoza waigizaji.
- Mpiga picha na fundi wa taa.
- Fundi wa sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiposikika huondoka.
- Mhariri. Ndiye anayechagua na kuunganisha vipande hadi viwe hadithi.
- Wahusika wa mavazi, vipodozi na mandhari.

Wenye ujuzi huu hawategemei filamu za kuigiza peke yake. Vituo vya televisheni, matangazo ya biashara, sherehe za harusi, mashirika ya afya na ya kilimo, wote wanahitaji video. Kijana anayejua kuhariri vizuri anaweza kupata kipato huku akiandika filamu yake mwenyewe usiku.

Mahali pa kujifunzia

Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianzishwa mwaka 1981, na sasa kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa). Kinajulikana kwa uigizaji, muziki, ngoma na ufundi wa jukwaa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Idara ya Sanaa Bunifu. Nairobi kuna Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya (KIMC), ambayo imefundisha watangazaji na mafundi tangu miaka ya 1960.

Njia nyingine ni warsha. Maabara ya filamu ya Maisha, iliyoanzishwa na mwongozaji Mira Nair mwaka 2004, imewafundisha waandishi na waongozaji chipukizi wa Afrika Mashariki. Filamu ya Kenya ya mwaka 2012, Nairobi Half Life, ilitokana na mpango ambao wasanii na mafundi wa Afrika walijifunza kazi chini ya walimu wazoefu, kisha wakatengeneza filamu kamili. Inasimulia juu ya kijana wa kijijini anayekwenda Nairobi kutafuta uigizaji na kujikuta ndani ya genge la wahalifu. Wazazi na vijana wangefaidika kuijadili pamoja.

Tamasha la Filamu la Zanzibar (ZIFF), lililoanza miaka ya 1990, nalo ni darasa. Mwanafunzi anaweza kuona huko filamu za nchi nyingi na kukutana na waliozitengeneza.

Kabla ya kulipa ada

Tunashauri mzazi na kijana watembelee chuo pamoja na kuuliza:

- Je, chuo kimesajiliwa? Tanzania, vyuo vya kati husajiliwa na NACTVET na vyuo vikuu hutambuliwa na TCU.
- Wanafunzi wangapi wanatumia kamera moja? Kama kamera hutolewa siku ya wageni tu, ondokeni.
- Walimu wametengeneza kazi gani? Ombeni kuziona.
- Waliomaliza miaka miwili iliyopita wanafanya kazi wapi?
- Je, kuna mafunzo ya mikataba, bajeti na hakimiliki?

Jihadharini na mtu anayedai fedha au upendeleo mwingine ili ampe kijana nafasi ya kuigiza. Wasichana hasa wameumizwa kwa ahadi hizo. Usaili wa kweli hufanyika mahali pa wazi, na msichana ana haki ya kufuatana na ndugu.

Anza na ulicho nacho

Kabla ya kutumia fedha, kijana ajipime. Achukue simu, aandike hadithi ya dakika tatu kuhusu jambo la mtaani kwake, kama foleni ya maji au mzee anayejua tiba za asili. Aombe ridhaa ya kila anayempiga picha, na ya mzazi kama ni mtoto. Asimame karibu ili sauti isikike, na mwanga wa dirisha uangukie uso wa msemaji. Kisha ahariri na kuwaonyesha majirani bila kuwaeleza chochote.

Wakielewa na kuanza kubishana juu ya hadithi, ana mwanzo mzuri. Wasipoelewa, aifanye tena. Atakayekuwa tayari kuirudia mara ya tano bila kulipwa na bila kuonekana, huyo anafaa kusomeshwa.