Mpango wa Serikali na Mwaka wa Mvua
Maelezo kwa wakulima wa Buluo na Likasi

Wakulima wa Buluo na wa mashamba yote yaliyo karibu na Likasi wamesikia mara nyingi neno hili, mpango. Redio yasema mpango, wakubwa wa mji wasema mpango. Yafaa tueleze maana yake, na hasa tueleze mahali ambapo mpango ulioandikwa vizuri hukwama usifike shambani.

Mpango wa maendeleo ni hesabu. Serikali huhesabu mali iliyo nayo na mali itakayokopa, kisha husema: fedha hii ni ya barabara, hii ya shule, hii ya mbegu, nayo kazi imalizike mwaka fulani. Hata mtu mwenye nyumba hufanya hivyo. Akijua ya kuwa watoto sita watakula bukari mpaka mavuno mapya, huhesabu magunia yake kabla ya kuuza hata debe moja. Lakini mwenye nyumba ndiye apangaye na ndiye alimaye. Katika nchi, apangaye yuko Kinshasa, naye alimaye yuko Buluo, na kati yao kuna ofisi nyingi.

Jambo hili latuhusu sana sisi, kwa maana mji wa Likasi hula unga wa mahindi kila siku, na sehemu kubwa ya mahindi ya Katanga hutoka Zambia, hupita mpaka wa Kasumbalesa. Zambia ilipozuia mahindi yake yasitoke, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2023, bei ya unga ilipanda kwetu mara moja. Mwaka 2024 ukame ukaharibu mashamba ya Zambia yenyewe, hata serikali yao ikatangaza ya kuwa ni msiba wa taifa. Mwenye kutegemea chungu cha jirani hana neno siku jirani naye anapokosa.

Sasa sikilizeni neno lililo kubwa kuliko yote. Serikali ya Kongo ina mwaka wake wa fedha: huanza tarehe 1 Januari na kuisha tarehe 31 Desemba. Mvua ina mwaka mwingine. Hapa Haut-Katanga matone ya kwanza huanguka mwezi wa Oktoba, mvua hushika Novemba, na hukoma karibu na Aprili. Mahindi hupandwa tangu katikati ya Novemba mpaka katikati ya Desemba. Anayepanda Januari huvuna magunzi yasiyojaa, kwani mvua humwacha njiani.

Basi tazameni. Fedha ya mwaka mpya hufunguliwa siku ambazo mahindi yamekwisha kuota. Ofisi ikingoja Januari ndipo iandike karatasi ya kununua mbegu, mbegu hizo zitafika Machi, au Aprili. Karatasi itaonyesha kwamba kazi imefanyika: magunia yamenunuliwa, yamehesabiwa, yamegawanywa. Mpango umetimia katika daftari, lakini shambani hakuna kitu. (Na hapa kuna hatari nyingine. Mbegu ya dukani imepakwa dawa ya wadudu, mara nyingi ina rangi nyekundu au ya kijani. Watu wakiipata baada ya wakati wake huona ni hasara kuitupa, wakaiosha na kuisaga. Msifanye hivyo kamwe. Ni sumu, na maji hayaiondoi.)

Kwa hiyo mbegu ya Novemba yapasa iagizwe mwezi wa tano au wa sita wa mwaka ule ule, barabara zikiwa kavu, ifike Septemba. Mbolea yataka muda mrefu zaidi, maana hutoka ng'ambo kwa meli, kisha husafiri kwa malori siku nyingi. Na chokaa ya shamba yataka kutangulia kuliko vyote. Udongo mwekundu wa huku una ukali, nao ukali huo huzuia mizizi isile mbolea. Dawa yake ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, yatiwe udongoni wiki nyingi kabla ya kupanda. Mawe hayo hayako mbali: yako Kakontwe, mlangoni mwa Likasi, nayo yamechimbwa muda mrefu kwa kazi za viwanda. Nionavyo mimi, mpango wa mahindi wa upande huu usiotaja Kakontwe haukuandikwa na mtu aliyepita njia hii.

Wazee wanakumbuka mpango mwingine. Mwaka 1949 serikali ya Wabelgiji ilitoa Mpango wa Miaka Kumi kwa ajili ya Kongo, nao ulitendwa tangu 1950 mpaka 1959. Likasi ilikuwa ikiitwa Jadotville. Fedha iliyokadiriwa mwanzo ilikuwa faranga milioni elfu 25, na mwisho gharama ilipita sana hesabu hiyo. Sehemu iliyo kubwa kuliko zote ilikwenda kwa njia za usafiri: reli, bandari na barabara. Kwa wakulima waliweka mashamba ya peizana. Kila jamaa ilipewa vipande vya ardhi vilivyopimwa kwa safu, na kila kipande kilikuwa na zamu yake ya kulimwa na ya kupumzika. Mfano huo ulijaribiwa kwanza karibu na Yangambi, penye chuo cha uchunguzi wa kilimo cha INEAC kilichoanzishwa mwaka 1933. Hata mwisho wa mpango, jamaa karibu 200,000 walikuwa wamewekwa katika mashamba hayo.

Lilikuwamo jema, tusilifiche: walijaribu kwanza ndipo wakaeneza, na mbegu ilifika kwa wakati. Lakini mkulima hakuulizwa. Amri ya mwaka 1933 ilikuwa imemlazimisha mwanakijiji kufanya kazi za lazima siku 60 kila mwaka, na wakati wa vita, mwaka 1942, siku hizo zikafanywa 120. Asiyelima alitozwa faranga au alifungwa. Mtu aliyezoea kulima kwa kuogopa jela hakuona sababu ya kuilinda safu ile siku mlinzi alipoondoka. Uhuru ulipofika mwaka 1960, mengi ya mashamba hayo yaliachwa.

Amri zilirudi kwa sura nyingine. Katika Katanga, gavana Moïse Katumbi, aliyetawala tangu 2007 mpaka 2015, aliyaagiza makampuni ya madini yalime mahindi, kila kampuni hekta 500. Matrekta yalionekana, na unga ulipatikana kiasi. Lakini hekta 500 za kampuni hazimfundishi mwenye nusu hekta. Mkulima wa Kongo kwa kawaida hupata karibu na kilo 800 za mahindi katika hekta moja, nayo ndiyo namba ambayo mpango wapaswa kuiinua.

Mwaka 2022 serikali ilianza kutenda Mpango wa Maendeleo ya Teritori 145, uliokadiriwa dola milioni 1,660, kwa shule, nyumba za afya, barabara za vijijini na mengineyo. Hapa watu wa Buluo hukosea mara nyingi. Likasi ni mji, si teritori. Haimo katika zile 145. Teritori ya Kambove, inayotuzunguka, imo. Basi mwenye shamba ng'ambo ya mpaka wa mji aulize kwa msimamizi wa teritori, na aliye ndani ya mji asingoje fedha hiyo.

Kuna fedha iliyo karibu zaidi. Sheria ya madini iliyogeuzwa mwaka 2018 husema kwamba kodi ya madini yatokayo ardhini hugawanywa hivi: katika kila faranga 100, serikali kuu hupata 50, jimbo 25, mji au sheferi ambako machimbo yako 15, na 10 huwekwa akiba kwa vizazi vijavyo. Tena kampuni hutoa faranga 3 katika kila 1,000 za mauzo yake kwa kazi za wenyeji wanaoizunguka. Fedha hizo hazipiti ofisi nyingi kama zile za Kinshasa, nazo zaweza kununua mbegu mwezi wa sita, kama wenyeji wameziomba kwa ajili ya mbegu.

Namna ya kuomba ni hii. Mwezi wa tatu na wa nne, mahindi yakiwa bado shambani, wakulima wa mtaa mmoja wakutane na kupima mashamba yao kwa kamba. Hekta moja yataka kilo 25 za mbegu, nusu hekta kilo 12 na nusu. Waandike jumla, majina na sahihi, wapeleke karatasi kabla ya mwisho wa Mei, na waombe nakala yenye mhuri na tarehe. Mwezi wa nane warudi na nakala ile mkononi, waulize: mbegu zimeagizwa wapi, na zitafika siku gani? Wakijibiwa kwamba zitafika Desemba, wanunue zao mapema, hata kama ni kidogo, wala wasiache shamba likingoja.