Picha Inakwama, Sauti Inakwaruza: Kosa Liko Wapi?

Ukitaka kurusha mechi ya EA Sports FC kutoka kibanda cha gemu kwenda YouTube, PlayStation peke yake inaiweza kazi hiyo. Lakini anayetaka kuweka sura za wachezaji pembeni, ubao wa matokeo, nembo ya mdhamini na sauti ya mtangazaji wa Kiswahili atahitaji kompyuta, na kati ya PlayStation na kompyuta atahitaji kifaa cha kunasa picha, ambacho wenyewe wanakiita kapcha kadi. Malalamiko nayo huanzia hapo hapo. Picha inakwamakwama kila mshambuliaji anapokaribia boksi, na sauti inakwaruza kama redio iliyopoteza stesheni.

Lawama zote hutupiwa kifaa. Kwa maoni yangu kinasingiziwa mno. Kabla ya kukimbilia dukani kununua kingine, uliza kwanza picha inakwama ikiwa wapi. Kwenye TV ya wachezaji? Kwenye skrini ya laptopu? Au iko laini kote huko na anayelalamika ni mtazamaji aliyeko Mwanza? TV ikikwama, tatizo liko kwenye PlayStation yenyewe au waya wa HDMI. Ikikwama laptopu tu, kosa liko kati ya kifaa na kompyuta. Rekodi nakala kwenye diski wakati unarusha, kisha iangalie. Ikiwa nakala ni safi na mtazamaji bado analia, muache kapcha kadi apumzike, mkosaji ni intaneti.

OBS Studio, programu ya bure inayotumiwa na warushaji wengi, ina dirisha la takwimu ambalo watu hawalifungui. Humo mna mistari mitatu inayohesabu fremu zilizopotea, na kila mmoja una mkosaji wake. Mmoja unahesabu fremu ambazo kadi ya michoro imeshindwa kuzichora kwa wakati, mwingine zile ambazo kompyuta imeshindwa kuzibana, na wa tatu zile ambazo mtandao umeshindwa kuzibeba. Laini yako ikiwa inapandisha megabiti 4 kwa sekunde, huwezi kuilazimisha ibebe 6. Shusha kiwango cha biti na namba ya mtandao itatulia. Ikipanda namba ya kubana, ipe kazi hiyo kadi ya michoro (NVENC kwa wenye kadi za Nvidia) badala ya kuiachia prosesa. Mistari yote mitatu ikisoma sifuri huku picha inaendelea kukwama, basi fremu zinapotea kabla hata ya kuifikia OBS, na sasa una haki ya kukishuku kifaa chenyewe, au tundu kilikochomekwa.

Tundu lina makosa mengi kuliko watu wanavyodhani. Picha ya 1080p ina nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni 2. Kwa mfumo wa YUY2, usiobana picha, kila nukta inabeba biti 16, hivyo fremu moja ina uzito wa megabaiti 4 hivi. Zidisha mara 60 na unapata karibu gigabiti 2 kila sekunde. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480. USB 3.0 inatajwa kuwa na gigabiti 5, kwa hiyo nafasi ipo, ila kama umekichomeka kwenye habu inayogawana njia na diski ya nje na kamera ya sura, nafasi hiyo inaliwa. Kifaa cha bei mbaya kikichomekwa kwenye tundu la USB 2.0 kitakwama au kitagoma kabisa, hata kama kimetoka kwenye boksi asubuhi hiyo.

Sasa tuje kwenye vile vidude vyeusi, ukubwa wa flashi, vinavyouzwa kwa bei ya chini kuliko padi moja ya PS5. Boksi limeandikwa 4K. Hiyo 4K ni ya picha inayoingia, inayotoka haizidi 1080p. Vingi vina chipu ya MS2109 ya kampuni ya MacroSilicon, na chipu hiyo ni ya USB 2.0, hata pale kichwa cha USB kinapowekewa plastiki ya buluu ili kionekane cha 3.0. Usidanganywe na rangi. Chungulia ndani ya kichwa uhesabu pini: za USB 2.0 ni nne tu, wakati USB 3.0 ya kweli ina tisa, nne mbele na tano nyuma yake.

Kwa kuwa njia ni nyembamba, chipu hiyo huibana kila fremu kwa MJPEG, na hapo inaweza kutoa 1080p kwa fremu 30 au 720p kwa fremu 60. Ukiiomba YUY2 isiyobanwa kwa 1080p inakupa fremu 5 kwa sekunde. Tano! Ukiiachia programu ijichagulie yenyewe, huweza kuangukia huko, na mwenye kifaa akaapa kwamba ameuziwa kibovu. Ingia kwenye mipangilio ya kifaa ndani ya OBS, chagua mwenyewe ukubwa wa picha, idadi ya fremu na MJPEG. Kwa mechi ya mpira mimi ningechukua 720p kwa fremu 60 bila kusita. Mpira unaokimbia unataka mwendo kuliko unavyotaka majani ya uwanja yahesabike.

Vingi vya vidude hivi havina tundu la kupeleka picha kwenye TV, kwa hiyo mchezaji hulazimika kutazama skrini ya laptopu, ambako picha inafika imechelewa. Nunua kigawanyi cha HDMI, TV ichukue upande mmoja na kidude upande wa pili. Wachezaji wakishafungwa goli kwa sababu ya kuchelewa huko, hakuna atakayekuelewa.

Sauti ya chipu hiyo nayo ina kioja chake. Kiuhalisia inatoa sampuli 48,000 kwa sekunde kwa upande wa kushoto na idadi ile ile kwa kulia. Kwa kompyuta, hata hivyo, inajitambulisha kuwa na upande mmoja wenye sampuli 96,000. Jumla ni ile ile, ila kushoto na kulia vimechanganywa, na kelele za jukwaa zinasikika zote kutoka sehemu moja. Linux iliwekewa marekebisho ya kasoro hiyo mwaka 2020. Wengine wanaendelea kulaumu spika.

Mikwaruzo ya kawaida ina chanzo rahisi zaidi. Sauti ya HDMI kutoka kwenye PlayStation huja kwa 48,000, na kompyuta au OBS huenda imewekwa 44,100, kiwango cha CD za muziki. Weka 48,000 kote: kwenye sifa za kifaa ndani ya Windows na kwenye mipangilio ya sauti ya OBS. Kwenye PlayStation chagua PCM, yaani sauti isiyobanwa, maana Dolby ikipelekwa kwa kifaa kisichoielewa unapata ukimya au kelele tupu. Ukisikia mwangwi, angalia kama sauti ya kapcha kadi inaingia mara mbili, mara moja kama kifaa na mara ya pili kama sauti ya kompyuta. Na usishangae kukosa maongezi ya wachezaji wa party, kwa kawaida PlayStation haiyapitishi kwenye HDMI.

Kuna ugonjwa mwingine unaokuja polepole. Mechi ya kwanza sauti na picha viko sawa, ikifika nusu fainali mpira unapigwa kwanza na mlio unafuata. Kapcha kadi na maikrofoni kila kimoja kina saa yake ya ndani, na hakuna saa mbili zinazolingana kabisa. Tofauti ya sehemu 100 kwa milioni moja inazaa sekunde 0.36 kila saa. Kurekebisha kwa milisekunde ndani ya OBS kunatibu ucheleweshaji usiobadilika, huu unaokua hautibiki hivyo. Dawa ya kibandani ni kuzima chanzo hicho na kukiwasha tena kati ya mechi na mechi.

Joto nalo lisisahaulike. Kibanda cha bati saa nane mchana, laptopu juu ya kitambaa, lazima prosesa ipunguze mwendo ili isiungue, na fremu zianze kudondoka. Upande wa umeme, chomeka chaja na uzime hali ya kuokoa umeme kwenye USB. Lakini spika zikianza kuvuma pindi tu unapochomeka chaja, huo ni umeme wa hertzi 50 unaoingia kwa sababu ya waya wa ardhi, kifaa hakihusiki. Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, rekodi kwa MKV badala ya MP4 ya kawaida. Ukikatika katikati ya fainali, MP4 huenda isifunguke tena, ila MKV inabaki na yote yaliyorekodiwa hadi hapo.

Kwa anayekwenda Kariakoo au Luthuli Avenue wikendi hii kutafuta kifaa cha kwanza: nenda na laptopu yako yenye OBS. Omba kichomekwe, fungua orodha ya ukubwa wa picha na fremu, usome 60 iko kwenye 1080p au 720p. Muuzaji akikataa kukichomeka mbele yako, pita duka linalofuata.