Sura ya Tano: Vituo vya Kulala kwa Familia Inayovuta Tela

Safari ndefu yenye tela hupangwa kwa vituo vya kulala kwanza, barabara baadaye. Familia inayotoka Kakese, kata ya wakulima katika Manispaa ya Mpanda, ikielekea Dar es Salaam ina njia mbili kuu. Ya kwanza hupita Tabora, Manyoni na Dodoma, na urefu wake ni yapata kilomita 1,200. Ya pili hupita Sumbawanga, Tunduma, Mbeya na Iringa, nayo hukaribia kilomita 1,400. Pikapu iliyobeba wazazi, watoto na bibi, huku ikivuta magunia ya mchele, haimalizi umbali huo kwa siku moja wala mbili bila kuweka roho za watu rehani. Kwa hiyo kuna mambo manne ya kuamua: siku ina saa ngapi za kuendesha, usiku uangukie mji gani, gari na tela vikae uwanja wa namna gani, na kazi zipi zifanywe kabla ya kulala.

Hesabu huanza machweo

Kosa lililozoeleka ni kuchukua kilomita zote na kuzigawanya kwa 80. Kweli, dashibodi inaweza kuonyesha 80 mahali barabara iliponyooka, lakini huo si wastani wa siku. Vijijini mwisho ni 50. Kwenye matuta tela hulazimisha mwendo wa kutambaa, la sivyo springi zinakatika na mzigo unaruka. Kuna vituo vya trafiki, kuna malori ya kupisha, kuna mtoto anayetaka kujisaidia dakika 10 baada ya wote kurudi garini. Kwa gari la familia lenye tela, kilomita 50 kwa kila saa ya gurudumu kuzunguka ndicho kipimo cha mtu mkweli.

Hesabu nzuri huanzia machweo na kurudi nyuma. Mpanda jua huzama kati ya saa 12:45 jioni na saa 1:20 usiku, kutegemea mwezi. Tela iwe imeingia getini saa moja na nusu kabla ya hapo, maana yake saa 11:15 jioni kwa miezi ambayo jua huwahi. Familia iliyoondoka saa 1:00 asubuhi ina saa 10 na robo. Toa saa moja ya chakula, mapumziko matatu ya dakika 20, na dakika 45 za mafuta na yasiyotarajiwa. Zinabaki saa saba na nusu, yaani kilomita 375. Hicho ndicho kikomo cha juu. Ikinyesha, au kukiwa na watoto wachanga, kikomo kishuke hadi 300.

Jambo moja husahauliwa na karibu kila msafiri wa magharibi mwa nchi: machweo hayafiki wakati mmoja Tanzania nzima. Saa rasmi ya nchi hufuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa hata kipande cha ardhi ya Tanzania, unakatiza Somalia. Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4. Mpanda iko kwenye nyuzi 31 na Dar es Salaam kwenye nyuzi 39 na kidogo, kwa hiyo jua la Dar es Salaam hutangulia kuzama kwa takriban dakika 33. Tabora hutangulia kwa dakika 7, Dodoma 19, Morogoro 26. Mtoto wa Kakese aliyezoea kucheza nje hadi karibu saa moja atashangaa kuona Morogoro giza limeingia mapema hivyo. Dereva hana ruhusa ya kushangaa. Nchi hizi hazina jioni ndefu: jua likishatua, giza hukamilika ndani ya dakika 25 hivi. Dawa ni kuisogeza ratiba nzima. Kwa kuwa jua la mashariki pia huwahi kuchomoza, familia iondoke mapema zaidi kila siku kadiri inavyosonga mashariki, na ifike mapema kwa kiasi hicho hicho.

Usiku si njia ya mkato

Watu wengi bado huamini kuwa usiku ndio wakati mzuri wa kusafiri, na hoja zao hurudiwa bila kupimwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba usiku matairi hayachemki. Hewa ya usiku ni ya baridi kweli, lakini tairi la tela hupasuka kwa upepo pungufu, mzigo uliozidi au uzee wa mpira. Anayepima upepo asubuhi tairi likiwa bado baridi hana sababu ya kukimbilia giza.

Hoja ya pili inatokana na mabasi. Zuio la mabasi kusafiri usiku kucha, lililodumu kwa takriban miongo mitatu, liliondolewa mwaka 2023, na tangu hapo kila mwenye pikapu anajiona naye ameruhusiwa kisayansi. Basi la safari ndefu hutakiwa kuwa na madereva wawili wanaopokezana. Familia ina dereva mmoja, na mara nyingi ndiye aliyefunga mzigo usiku uliopita.

Hoja ya tatu ni kinywaji cha kuongeza nguvu, kahawa chungu au mirungi. Vyote huahirisha usingizi tu, haviulipi. Mwili hutaka kulala zaidi kati ya saa 8 usiku na alfajiri, na tena kidogo baada ya chakula cha mchana. Kusinzia kwa sekunde tatu kwenye mwendo wa 80 ni kwenda mita 66 bila dereva.

Hoja ya nne haistahili kuitwa hoja, lakini husikika kila ajali inapotokea: kwamba mnyama aliyesimama barabarani alikuwa wa kutumwa, au kwamba kona fulani ina jini. Hirizi chini ya usukani ndiyo tiba inayopendekezwa. Hesabu inatosha kumfukuza jini huyo. Taa za chini humulika kama mita 50 hadi 60. Gari la mwendo wa 80 hupita mita 33 kabla dereva hajakanyaga breki, kisha huhitaji mita nyingine 40 kusimama kwenye lami kavu, na zaidi likiwa na tela isiyo na breki zake. Maana yake dereva anaendesha akielekea mahali asipopaona. Kiboko wa Mto Katuma pale Sitalike, kwenye njia ya Sumbawanga, hutoka majini usiku kwenda malishoni, ngozi yake ni nyeusi na hairudishi mwanga. Hakuna aliyemtuma. Anakwenda kula majani.

Hoja ya tano ndiyo nzito, na hutolewa na wazee wenyewe: Wasukuma walioingia Rukwa na Katavi na ng'ombe wao, hasa kuanzia miaka ya 1970 na 1980, walivuka misitu usiku. Ni kweli, na sababu yake inafaa kuelezwa kwa kirefu kwa sababu inathibitisha kinyume cha inavyodhaniwa. Msitu wa miombo kati ya Tabora na Mpanda ni makao ya mbung'o, mdudu anayeambukiza nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. Mbung'o wa porini hutumia macho. Huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, na hupenda rangi nyeusi na buluu, ndiyo maana mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Giza likiingia, hutulia. Mfugaji aliyepitisha kundi lake mchana kwenye ukanda wa mbung'o aliweza kulizika lote miezi michache baadaye. Usiku ulikuwa kinga ya mifugo.

Lakini safari hizo zilikuwaje? Watu walitembea kwa miguu, kilomita nne au tano kwa saa, wakipendelea mbalamwezi. Mkokoteni ulivutwa na maksai, ambao huona gizani kuliko mwanadamu na hawasinzii wakitembea. Kabla ya familia kung'oa nanga, vijana walitangulia kukagua maji, malisho na mahali pa kujenga zizi la miiba. Mwendo wa usiku ulikatwa kwa vipande, kila kipande kikiishia penye maji na mahali peupe pasipo vichaka. Hata misafara ya karne ya 19 iliyopita Unyanyembe, eneo la Tabora, kwenda Ujiji ilifuata nidhamu ya namna hiyo: iliamka alfajiri na kupiga kambi jua lingali juu, penye maji yanayojulikana. Wazee hawakusafiri hovyo usiku. Walichagua kituo kwanza, kisha wakachagua saa. Pikapu haiugui nagana, kwa hiyo sababu yao haipo tena. Iliyobaki ni busara yao ya kituo.

Kwa msafiri wa leo mbung'o wana somo moja tu la vitendo: pancha isibadilishwe katikati ya ukanda wao mchana ikiwa gari linaweza kujikokota hadi kijijini, hasa kwa aliyevaa nguo za buluu au nyeusi.

Usiku kwa usiku: njia ya Tabora

Kituo cha kwanza cha kulala ni Mpanda mjini. Wengi huona aibu kulala karibu namna hiyo na nyumbani, lakini msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, kipande kigumu kuliko vyote kinaweza kuwa njia ya kutoka shambani. Tela iliyojaa ikizama kwenye udongo mweusi saa 11 alfajiri, siku nzima imeharibika. Itolewe jioni ya kuamkia safari, ilale mjini, magurudumu yaoshwe na nati zikazwe.

Siku ya kwanza ya barabara ni Mpanda hadi Tabora, kama kilomita 350. Lami imeifanya njia hii kuwa nyepesi, lakini sehemu kubwa bado ni msitu mtupu, hasa kuelekea Mto Koga na Ipole. Hapo si mahali pa kutafuta kitanda. Kila siku ya safari iwe na kituo cha akiba. Kwa siku hii ni Inyonga katika nusu ya kwanza na Sikonge katika nusu ya pili.

Siku ya pili ni Tabora hadi Dodoma, kama kilomita 385, ikiwa imezidi kikomo kwa kilomita 10. Inawezekana kwa kuondoka saa 12:30 asubuhi. Manyoni, kilomita 260 kutoka Tabora, ndiyo akiba: familia ikifika hapo baada ya saa 8 mchana, ilale hapo hapo bila mjadala. Siku ya tatu ni Dodoma hadi Morogoro, kilomita 260 tu, na ufupi huo ni wa makusudi. Siku ya nne, kilomita 190 zilizobaki huiingiza familia Dar es Salaam kabla ya adhuhuri. Kuvuta tela kwenye foleni ya jioni ya Dar es Salaam ni adhabu asiyostahili mtu yeyote.

Njia ya Sumbawanga hugawanyika hivi: Sumbawanga, Mbeya, Iringa, Morogoro. Inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974, na baadaye Mikumi. Zote mbili zivukwe mchana, na kulala ndani ya hifadhi kunaruhusiwa kwenye maeneo maalumu tu kwa kibali. Tunduma, kwa wingi wa malori ya mpakani, ni mahali pa kupita na si pa kutafutia uwanja wa tela.

Uwanja kabla ya kitanda

Gesti huchaguliwa kwa geti lake. Kabla ya kuuliza bei ya chumba, apigiwe simu mhudumu na kuulizwa: geti lina upana gani, pikapu yenye tela inaweza kugeuka ndani, na mlinzi anakaa hadi asubuhi? Tela hurudi nyuma kinyume cha usukani, na dereva aliyechoka huikunja hadi ikagonga gari. Uwanja bora ni ule unaoingilika na kutokeka kwa kwenda mbele. Usipopatikana, gari ligeuzwe jioni, pua ikiangalia geti.

Wengine husifia kulala garini kwenye sheli kwa sababu ya taa. Sheli ina moshi, malori yanayorudi nyuma usiku kucha, na pengine choo kinachofungwa. Ni kimbilio la dharura, si mpango. Hatari zaidi ni desturi ya kuingiza jiko la mkaa garini au chumbani kwenye baridi ya Mbeya na Makambako mwezi Juni na Julai. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na anayeivuta usingizini haamki. Vifo hivyo husingiziwa jinamizi au mkono wa mtu. Mkono ni wa aliyewasha jiko. Mablanketi yanatosha, na chandarua kiwe cha kwenu, kwa sababu cha gesti huwa na matundu.

Kazi za jioni ni chache. Shika kitovu cha kila gurudumu la tela: kikiunguza mkono, beringi inakufa, na fundi atafutwe kungali mwanga. Kaza kamba za turubai, jaribu taa za nyuma na indiketa, weka vizuizi magurudumuni, funga mnyororo. Asubuhi pima upepo, kisha toa vizuizi na uondoke navyo. Mawe yanayoachwa barabarani huua watu wengine.

Anayeandika ratiba aandike safu tatu kwa kila siku: kituo, kituo cha akiba, na saa ya mwisho ya kuingia getini. Saa hiyo ikikaribia huku kituo kikiwa mbali, familia iingie kwenye akiba. Familia inayolala mapema hupoteza saa mbili za barabara, na saa hizo hulipwa kesho yake mchana.